Kitambaa cha Kuvutika: Usiulize Kinavutika Kiasi Gani, Uliza Kinarudi Vipi

Ukipita mitaa ya Kikuyu hapa Dodoma, hukosi kumwona fundi cherehani barazani. Kitenge anakimudu. Sare za shule anazimudu. Lakini mpelekee kitambaa cha kuvutika uone. Wapo watakaokwambia wazi, "Dada, hicho mimi sishoni." Wapo watakaopokea na kushona vizuri tu, nguo ikapendeza kwenye kioo, halafu siku ya kwanza ukiinama kufunga kiatu unasikia "taa!" Mshono umeachia.

Hapo lawama zinaanza. Mteja anasema fundi ni mbovu, fundi anasema kitambaa ni kibovu. Ukichunguza, mara nyingi tatizo ni mambo mawili tu: kitambaa kilichaguliwa kwa macho badala ya mikono, halafu kikashonwa kama kitenge.

Makala hii ni ya wote wawili, wewe unayenunua na wewe unayeshona. Kwa mnunuzi ni hela ya kitambaa na ya ufundi isipotee. Kwa fundi ni kazi ambayo leo anaikataa na mteja anaenda kumalizia shida yake kwenye mitumba.

KWA NINI KINAVUTIKA?

Tazama mkeka. Mwaa mmoja unapita juu, mwingine chini, inapishana na kubanana. Ukiuvuta mkeka hauendi popote. Kanga, kitenge na kitambaa cha sare za shule vimetengenezwa kwa mtindo huo, nyuzi mbili zinapishana na kukazana.

Sasa tazama sweta. Humo uzi haukunyooka. Umepinda ukafanya kitanzi, kitanzi kikashika kitanzi kingine, safu kwa safu. Ukivuta, vitanzi vinanyooka. Ukiachia, vinarudi kupinda. Siri yote ya kitambaa cha kuvutika iko hapo.

Fulana yako ni hivyo. Soksi ni hivyo. Jezi ya Simba au Yanga uliyonayo kabatini ni hivyo hivyo, vitanzi tu, ila uzi wake ni polista na ni vidogo mno kuonekana kwa macho. Hata vyandarua vingi vya kisasa hufumwa kwa vitanzi, ndiyo maana ukikikata chandarua ukingo wake hauchambuki kama wa kanga.

Kuna nguvu ya pili, nayo ni spandeksi. Huu ni uzi wa kutengenezwa kiwandani unaofanya kazi kama mpira, uliobuniwa Marekani mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Peke yake unaweza kuvutika mara kadhaa ya urefu wake na kurudi. Kwenye vitambaa huchanganywa kidogo tu, mara nyingi asilimia 3 hadi 10 kwa nguo za kawaida, na zaidi kwa nguo za michezo na za kuogelea. Lycra, jina unaloliona kwenye lebo nyingi, ni jina la kibiashara la uzi huo huo.

Kwa hiyo kazi zimegawanyika. Vitanzi vinafanya kitambaa kivutike. Spandeksi inakisaidia kirudi. Kumbuka neno hilo, kurudi, maana ndilo litakalookoa hela yako.

Angalizo: jinzi ya kuvutika si kitambaa cha vitanzi. Ni kitambaa cha kupishana kama kitenge, kilichotiwa spandeksi kidogo. Usikikate wala kukishona kama fulana.

TUKUBALIANE: KUVUTIKA SIYO KUBANA

Watu wengi wakisikia kitambaa cha kuvuta wanawaza taiti, au gauni linaloonesha kila kitu mwilini. Siyo lazima. Ufaransa, miaka ya 1910, Coco Chanel alichukua kitambaa cha aina ya fulana, ambacho wakati huo kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume, akakishonea mavazi ya heshima ya wanawake. Hayakubana. Yalilegea na kuteremka vizuri, na mwanamke aliweza kutembea na kuinua mikono bila kuhangaika. Mwaka 1974 Diane von Furstenberg akatoka na gauni la kupishana mbele na kufungwa kiunoni, la kitambaa hicho hicho. Mpaka leo linavaliwa ofisini.

Uzuri wa kitambaa hiki ni kwamba kinakufuata unapokaa, unapoinama, unapobeba mtoto. Kinachopendeza ni nguo inayoteleza juu ya mwili. Ikishakukaba, hata mshono uwe mzuri vipi, umaridadi umeondoka. Dada anayevaa hijabu ya kitambaa hiki anajua ninachosema. Inakaa kichwani bila pini nyingi, inashuka vizuri, wala haibani.

ZIJUE AINA ZAKE

Majina ya dukani yasikudanganye. Kitambaa kimoja kinaweza kuwa na jina hili duka hili na jina lingine duka la pili. Bora ujue tabia zake.

1. Kitambaa cha fulana. Ni chepesi, kina upande wa mbele laini na wa nyuma wenye vitanzi vinavyoonekana. Ukikikata, ukingo unajikunja. Kinafaa kwa blauzi, magauni ya kushuka, hijabu na nguo za kulalia. Kikiwa chepesi mno kinashika kila umbo, hadi mstari wa nguo ya ndani.

2. Intaloki. Pande zote mbili zinafanana, kimeshiba kidogo, na hakijikunji ukingoni. Fundi anayeanza aanze na hiki. Kinatulia mezani.

3. Ribu. Kina mistari iliyoinuka na kushuka, kama kwenye shingo ya fulana au mkono wa sweta. Kinavutika sana kwa upana. Tumia kwa shingo, mikono na viuno.

4. Ponti. Kizito, kinavutika kidogo, kinashika umbo lake. Hiki ndicho cha sketi ya ofisini, suruali ya heshima na gauni la kanisani. Kinaficha, hakikabi. Kama unataka nguo moja tu ya kuvutika, anza na ponti.

5. Flisi na vya sweta. Ndani vina manyoya au vitanzi vinene. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Dodoma inapoingia usiku na asubuhi, utavishukuru.

6. Lailoni au polista yenye spandeksi nyingi. Ya michezo, taiti na nguo za kuogelea. Inavutika pande zote. Joto la mchana kweupe siyo rafiki yake, isipokuwa ile iliyotengenezwa maalumu kwa mazoezi.

Na hali yetu ya hewa izingatie. Dodoma ni kavu, kuna jua, upepo na vumbi. Pamba na viskosi hunyonya jasho, mwili unapumua. Polista tupu hutunza joto, na kwenye hewa kavu huzalisha umeme wa msuguano, ndiyo ile sketi inayokung'ang'ania miguuni kama imepakwa gundi. Dawa yake ni gagulo au shimizi ya pamba ndani. Na upepo wetu huu wa kiangazi, sketi nyepesi ya kitambaa cha fulana inaweza kukuaibisha barabarani. Chagua kizito kidogo au ongeza urefu.

MAJARIBIO 5 YA KUFANYA DUKANI, KABLA HUJATOA HELA

Hayachukui hata dakika 3. Muuzaji akikukatalia kushika kitambaa chake, nenda duka linalofuata.

Jaribio la 1: Kivute, kisha kiachie. Hili ndilo kubwa. Usivute ukingoni, ingia ndani kidogo. Kunja kitambaa, pima sentimita 10 kwa futi kamba, shika pointi hizo mbili, vuta mpaka kikatae bila kulazimisha. Kikifika 12.5, kinavutika asilimia 25. Kikifika 15, asilimia 50. Sasa kiachie na upime tena. Kimerudi 10? Kizuri. Kimebaki 10.5 au 11? Hicho ukikishonea suruali, jioni magoti yatakuwa yametoka kama vikombe, na nyuma kumelegea. Haijalishi kilivutika kiasi gani. Kisiporudi, kiache.

Jaribio la 2: Vuta kwa upana, kisha kwa urefu. Kuna vinavyovutika upande mmoja na kuna vya pande zote. Upande unaovutika zaidi ndio utakaozunguka mwili. Kwa taiti na nguo za mazoezi unahitaji pande zote, la sivyo ukichuchumaa kiuno kinashuka.

Jaribio la 3: Taa ya simu. Washa tochi ya simu yako, iweke nyuma ya kitambaa, halafu kivute kama kitakavyovutika makalioni ukiwa umekaa. Kitambaa kinachoonekana kizito kikiwa kwenye jora kinaweza kuwa chandarua kikivutwa. Kama kina maua au michoro, angalia pia kama rangi inapasuka na weupe unatokea kati.

Jaribio la 4: Kisugue. Sugua kitambaa kwa kitambaa mara 20 kwa nguvu. Vikianza kutokea vinundu vidogo, ujue baada ya kufua mara chache nguo itakuwa imechakaa kwenye kwapa na mapajani.

Jaribio la 5: Kining'inize. Shika kipande kirefu kwa juu kiache kishuke. Kinashuka na kukunjamana laini, au kinasimama kama karatasi? Kinachoshuka ni cha magauni na blauzi. Kinachosimama kidogo ni cha sketi na makoti.

NUNUA KIASI GANI?

Kitenge upana wake ni kama sentimita 110 hadi 115. Vitambaa vingi vya kuvutika ni sentimita 150 au zaidi, kwa hiyo unahitaji urefu mdogo kuliko uliozoea. Kwa kitambaa cha sentimita 150, gauni la mikono mifupi huenea kwenye urefu wa gauni lenyewe, kuongeza mikono na pindo. Mpigie fundi ukiwa hapo dukani, mwambie upana, akutajie urefu.

Lakini usikate kamili. Kitambaa cha fulana cha pamba husinyaa kikifuliwa. Kikisinyaa asilimia 5, mita 2 zimepungua sentimita 10, na hizo ndizo za pindo lako. Ukihitaji mita 2, chukua mita 2 na robo.

Kisha kifue kabla hakijakatwa. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya sherehe. Kifue kama utakavyofua nguo yenyewe, kianike kikiwa kimelala, kikikauka ndipo kiende kwa fundi. Bora kisinyae kikiwa bado kitambaa kuliko kisinyae kikiwa gauni.

KWENYE MEZA YA FUNDI: KUPIMA NA KUKATA

Kiache kitambaa kitulie kimetandazwa, usiku mzima kama inawezekana. Kilikuwa kimevutwa kwenye jora. Ukikikata papo hapo kitajirudi baadaye na vipimo vitapotea.

Usiache sehemu ining'inie nje ya meza. Uzito wake utavuta sehemu unayokata. Kama meza ni ndogo, ikunje hiyo iliyobaki uiweke mezani.

Tafuta mbele na nyuma. Kwenye kitambaa cha fulana, vuta kidogo ukingo uliokatwa kwa upana. Utajikunja kuelekea upande wa mbele. Weka alama ya chaki, maana ukishona kipande kimoja mbele na kingine nyuma, kwenye jua tofauti itaonekana.

Fuata safu za vitanzi. Ukitazama kwa karibu utaona mistari midogo midogo inayoshuka kwa urefu. Hiyo ndiyo inyooke na katikati ya gauni. Ikienda mshazari, baada ya kufua mshono wa ubavuni utahamia tumboni.

Sasa vipimo. Hapa ndipo fundi wa kitenge anapopotea, kwa sababu kitenge lazima kiwe kikubwa kuliko mwili, wakati kitambaa hiki kinaweza kulingana na mwili au hata kuwa kidogo. Chukua mfano wa mteja mwenye nyonga za sentimita 100:

Ponti ya sketi ya heshima: kata sentimita 100 hadi 104. Iteleze.

Kitambaa cha fulana, gauni la kufuata mwili: sentimita 95 hadi 100.

Taiti yenye spandeksi nyingi: sentimita 85 hadi 90.

Hizo ni kabla ya kuongeza nafasi ya mshono. Na urefu usipunguzwe ovyo: nguo ikivutika kwa upana, hupanda juu kidogo.

Mikunjo ya kubana kifuani na kiunoni mara nyingi haihitajiki, kitambaa chenyewe kinafanya kazi hiyo. Zipu nayo unaweza kuiacha, mradi tundu la shingo lipite kichwani. Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 56 hadi 58 kuzunguka. Vuta shingo ya nguo, ikifika hapo bila kulia, umepona.

KUSHONA: CHEREHANI ULIYONAYO INATOSHA

Fundi mwingi anadhani bila mashine ya kiwandani hii kazi haiwezekani. Inawezekana, hata kwa cherehani ya miguu. Inabidi ubadilishe vitu vichache.

Sindano kwanza. Sindano ya kawaida ina ncha kali, inatoboa uzi wa kitanzi. Kitanzi kikikatika, tundu linafunguka na kushuka kama ngazi, ile unayoiona kwenye soksi ndefu za kike. Unahitaji sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo inausukuma uzi pembeni na kupita katikati. Kwenye pakiti tafuta maandishi Ball Point au Jersey, na kwa vile vya spandeksi nyingi, Stretch. Namba 11 au 12 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa kizito. Nenda na sindano yako ya zamani dukani uilinganishe shina, maana ya cherehani ya nyumbani haiingii kwenye mashine ya kiwandani. Ukiona mashine inaruka mishono, usianze kuifungua. Badilisha sindano kwanza.

Uzi uwe wa polista. Uzi wa pamba haunyumbuliki, ukivutwa unakatika.

Punguza mkandamizo. Kile kiguu kinachokandamiza kitambaa kikibana sana, kinakisukuma cha juu na mshono unatoka na mawimbi. Kama mashine yako ina skrubu ya kulegeza kwa juu, ilegeze kidogo.

Mshono wenyewe. Elewa tatizo: mshono ulionyooka ni nyuzi mbili, ya juu na ya chini, zilizofungana. Hauna akiba ya uzi. Kitambaa kikivutika wenyewe unabaki palepale, na lazima mmoja ashindwe. Dawa ni kuuongezea akiba.

Kama cherehani ina zigizaga, weka upana mdogo sana, kama milimita 1, na urefu milimita 2.5. Kwa mbali unaonekana umenyooka, lakini ukivutwa unafunguka.

Kama inashona moja kwa moja tu, fupisha mshono uwe milimita 2, legeza mkazo wa uzi kidogo, na wakati unashona shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukivute kidogo kwa usawa. Kidogo tu! Ukivuta sana utatengeneza mawimbi. Mishono mifupi ina uzi mwingi kwa kila sentimita, na uzi mwingi ndiyo akiba. Kisha pitisha mstari wa pili pembeni ya wa kwanza.

Kila mara anza na kipande kilichobaki. Shona, kivute mpaka mwisho. Ukisikia "taa", rekebisha. Ni bora usikie mlio huo barazani kuliko mteja ausikie kwenye daladala.

OVALOKI HAIMALIZI TATIZO

Hili wengi hawalijui. Fundi anashona mshono ulionyooka, anaenda kulipia ovaloki kwa jirani, ukingo unapendeza kweli. Mteja anaona ovaloki anaridhika. Lakini mshono unaobeba nguo bado ni ule ulionyooka ndani, na ndio utakaokatika. Ovaloki ya nyuzi 3 kwa kawaida inafunika ukingo tu.

Ovaloki ya nyuzi 4 ni habari nyingine. Ina mstari wa pili wa sindano unaoweza kubeba mshono wenyewe, na nyuzi zake zimejizungusha kwa hiyo zinavutika. Kama jirani yako anayo, peleka vipande vikiwa vimeshikizwa tu kwa pini au uzi wa kutungia, ashone na kufunga kwa mkupuo mmoja. Pini zitolewe kabla hazijafika kwenye kisu cha mashine.

Na kama huna ovaloki kabisa, usikose usingizi. Kitambaa cha vitanzi hakichambuki ukingoni kama kitenge. Ovaloki inaleta usafi, lakini nguo haifi bila hiyo.

SEHEMU 3 ZINAZOMTAMBULISHA FUNDI

Mabega. Kwa kitambaa hiki mabega hayatakiwi kuvutika, kwa sababu yanabeba uzito wa nguo nzima. Shonea utepe mwembamba wa pamba ndani ya mshono wa bega. Bila hivyo, baada ya mwezi bega linakuwa limefika kwenye mkono.

Shingo. Ukanda wa shingo uwe mfupi kuliko tundu lake. Kama tundu ni sentimita 60, kata ukanda wa sentimita 51 hivi, pamoja na nafasi ya mshono. Gawa tundu na ukanda sehemu 4, shikiza kwa pini, kisha vuta ukanda peke yake unaposhona. Utalala vizuri kifuani. Ukanda ulio sawa na tundu husimama na kupepea.

Pindo. Kama mashine yako ya zigizaga inapokea sindano pacha, inatoa mistari miwili juu na zigizaga chini, kama fulana ya dukani. Kama haipokei, kunja na ushone kwa mkono kwa mishono iliyolegea. Pindo likitoka na mawimbi, weka kitambaa chenye unyevu juu, kandamiza kwa pasi ya wastani, inua, sogeza. Usisugue. Kusugua ni kuvuta.

UKITAKA KUANZA BILA HASARA

Usianze na gauni la harusi. Anza na sketi ya ponti yenye mpira kiunoni, mishono miwili tu ya ubavuni. Ukiiweza, nenda kwenye blauzi ya intaloki.

Njia nyingine ninayoipenda ni kuchanganya: gauni la kitenge mbele na nyuma, ubavuni ukanda wa ponti wa rangi inayoendana. Kitenge kinabaki na urembo wake, ubavu unampa mtu nafasi ya kupumua, na mama mjamzito analivaa miezi kadhaa bila kulifumua. Ponti iwe na uzito unaokaribiana na kitenge, na vyote vifuliwe kabla ya kukatwa.

Kwa fundi wa Kikuyu hii ni biashara. Chuo Kikuu cha St John's kipo hapa hapa kata yetu, na mji umejaa watumishi tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016. Wanachuo wanavaa fulana na taiti, akina mama wa ofisini wanataka sketi zisizobana kwenye kiti kwa saa nane. Vitambaa vya aina hii vinafumwa hata hapa nchini, viwanda vya Arusha kama Sunflag na A to Z vina historia ndefu ya kufuma kwa vitanzi. Fundi anayejua kushona hivi hapati mteja wa Krismasi na Idi peke yake.

UTUNZAJI: NGUO IDUMU

Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, sabuni ya mche inaacha utando unaokakamaza kitambaa. Tumia sabuni ya unga au ya maji, na suuza mpaka maji yatoke safi.

Usitumie dawa ya kung'arishia yenye klorini kwenye nguo yenye spandeksi. Inaiua, nguo haitarudi tena.

Usiikamue kwa kuisokota. Ikandamize, ianike kivulini ikiwa imelala au imekunjwa katikati ya kamba. Jua la Dodoma saa 7 mchana linapausha rangi na kuchosha spandeksi.

Na usiitundike kwenye henga kwa wiki nzima. Sweta na magauni mazito yakunje.

Kwa kifupi: vuta, achia, pima. Kikirudi, nunua, fua, kisha kata. Shona kwa uzi wenye akiba. Kama una fundi wako unayempenda lakini kila ukimpelekea kitambaa hiki anakataa, mtumie makala hii kwa WhatsApp, halafu mnunulie na pakiti moja ya sindano za ncha ya mviringo. Huenda gauni lako lijalo likashonwa hapo hapo mtaani.